Gego la miaka sita limeota likimeguka: ni pipi, ni maji, au ni jambo lingine?

Swali: "Habari za kazi, daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 7 na nusu, tunaishi Usa River, Arusha. Magego yake ya nyuma yaliota yakiwa na rangi ya njano iliyochanganyika na kahawia, na lile la chini kulia lilianza kumeguka hata kabla halijamaliza kuota. Jino moja la mbele lina doa la rangi ya maziwa. Akinywa maji ya baridi analia, na mswaki hataki kuuona. Daktari wa kwanza alisema nampa pipi nyingi, akaziba; baada ya miezi mitatu alichozibia kikabanduka. Siku ile ganzi ilikataa kushika, na sasa mtoto akiona geti la hospitali anaanza kutetemeka. Daktari wa pili akasema ni maji ya huku kwetu, hakuna la kufanya, tungoje liume mpaka ling'olewe. Nani yuko sahihi? Na nitamjuaje daktari anayelifahamu tatizo hili?"

Jibu: Pole sana, mama, na mpe pole kijana. Sijamwangalia kinywani, lakini kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani madaktari wote wawili wamelikosa jibu lenyewe. Magego yanayoota yakiwa tayari na rangi, yanayomeguka mapema, yanayouma kwa ubaridi, pamoja na doa kwenye jino la mbele: hiyo ni picha ya hali ambayo sisi madaktari huiita kwa kifupi MIH, yaani upungufu wa madini kwenye magego ya kwanza ya ukubwani na meno ya mbele. Jino lenyewe limeumbwa na kasoro kabla halijatokeza kinywani. Jina lilianza kutumika rasmi mwaka 2001, japokuwa madaktari wa Sweden walikuwa wameshaieleza miaka ya 1980.

Tuanzie kwenye namna jino linavyoumbwa, kwa sababu hapo ndipo utakapoona kwa nini hukukosea. Enameli, lile ganda gumu jeupe la nje, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, na hakuna kitu kigumu kuliko hicho mwilini. Gego la kwanza la ukubwani, ambalo wengi huliita gego la miaka sita, huanza kuwekewa madini mtoto anapozaliwa, na kichwa chake hukamilika akiwa na miaka 3 hivi. Meno ya mbele ya ukubwani huanza miezi michache baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo kuna dirisha la miaka mitatu ya mwanzo ambamo magego hayo manne na meno ya mbele yanatengenezwa kwa pamoja ndani ya taya. Jambo likizivuruga seli za enameli katika kipindi hicho, umbo la jino hutoka sawa lakini madini hayajai. Enameli hubaki na vitundu vidogo vidogo na protini iliyozidi, laini kama chaki. Seli hizo hufa jino linapoota, na ndiyo maana mwili hauwezi kurudi kurekebisha baadaye.

Nini hasa huzivuruga? Tafiti zinaonyesha uhusiano na magonjwa ya miaka ya mwanzo: homa kali za mara kwa mara, nimonia, maambukizi ya masikio, pumu, matatizo wakati wa kujifungua. Urithi nao una sehemu yake. Antibiotiki zimetajwa pia, ila ni vigumu kutenganisha athari ya dawa na ya ugonjwa wenyewe, maana mtoto hapewi dawa bila kuugua. Hakuna chanzo kimoja kilichothibitishwa. Nakuomba mtu akikuambia "ungemnyonyesha vizuri" au "ungemnyima ile dawa", usilibebe neno hilo. Kumtibu mtoto nimonia kulikuwa sahihi na kutabaki kuwa sahihi.

Sasa maji. Daktari wa pili hakulitoa hilo hewani. Miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni ya mawe ya volkano, na maji ya chemchemi na visima vingi vya Arusha, Manyara na Singida yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilikuwa na kiwango cha muda kilichoruhusu hadi 8. Meno ya kahawia ya watu wa ukanda wenu yanatokana na hilo kweli kweli. Na magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande huongeza floraidi nyingine juu ya ile ya maji.

Lakini floraidi ina mwandiko wake, na daktari akitulia atausoma. Floraidi huenea. Huonekana kama michirizi au mawingu meupe yanayokatiza jino kwa mlalo, bila mpaka unaoeleweka, na hushika meno ya pande zote mbili kwa kulingana: la kulia likiwa hivi, mwenzake wa kushoto yuko vivyo hivyo. Ikizidi, meno hugeuka kahawia na kuwa na vishimo, na utakuta kaka, dada na watoto wa jirani waliokunywa bomba moja wana hali ileile. MIH haiendi hivyo. Doa lake lina ukingo: unaweza kulizungushia kalamu, huku ni enameli nzima, huku ni doa la maziwa, njano au kahawia. Halilingani pande mbili. Gego moja linaweza kuwa limemeguka nusu na mwenzake wa upande wa pili ana kidoa kidogo tu, au hana kabisa. Umeniambia jino moja la mbele lina doa. Moja. Maji hayachagui jino moja.

Tena, gego lenye floraidi ya wastani kwa kawaida haliumi kwa maji baridi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya daktari asimame aangalie mara ya pili. Mtoto wa Usa River anaweza pia kuwa na yote mawili, mawingu ya floraidi na juu yake madoa yenye mpaka, na hapo ndipo wengi wetu hukwama.

Kuhusu pipi nitasema kwa ufupi. Kuoza kwa kawaida huanzia kwenye mifereji ya juu ya gego na katikati ya meno yanayogusana, na huchukua muda. Gego linalomeguka kwenye vilele vyake huku halijamaliza kuota halijapata muda wa kuozeshwa na pipi. Sukari huja baadaye kuharibu kilichokwisha kumeguka, kwa hiyo kuipunguza bado kunasaidia.

Umeuliza nani yuko sahihi, na naona inafaa nikueleze kwa nini madaktari wanalipita, maana sitaki uwadharau. Hali hii si adimu. Ukijumlisha tafiti za duniani, ni watoto kama 13 au 14 kati ya kila 100. Utafiti wa vijijini nchini Kenya uliochapishwa mwaka 2008 kwa watoto wa miaka 6 hadi 8 ulipata karibu kiwango hichohicho. Hata hivyo, madaktari wa meno walipohojiwa Australia, Malaysia, Saudi Arabia na Chile, jibu lilikaribiana kila mahali: wengi wamekutana nayo, lakini wengi hawana uhakika wa kuitofautisha na kasoro nyingine, wala wa kuzibia kwa kitu gani. Madaktari wa kawaida walikuwa na mashaka zaidi kuliko mabingwa wa watoto, na walio wengi walisema wanataka kufundishwa zaidi.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Ukienda kwenye uchunguzi wa shule, hesabu tunayoijaza ni meno mangapi yameoza, mangapi yamezibwa, mangapi yameng'olewa. Gego la MIH likimeguka linaandikwa "limeoza". Likitolewa linaandikwa "limeng'olewa". Hakuna mahali linapoandikwa kwamba liliota bovu. Kisichohesabiwa hakiombewi bajeti wala semina, na daktari kijana wa wilayani, mwenye foleni ya wagonjwa arobaini na karibu wote wanataka kung'oa, anabaki na majibu mawili aliyozoea: pipi na floraidi. Hili linaniuma kwa sababu gharama yake anailipa mtoto. Nchini Sweden walifuatilia watoto wa miaka 9 wenye hali hii kwa kiwango kikali: magego yao ya kwanza yalikuwa yametibiwa karibu mara kumi zaidi ya yale ya wenzao, na woga wao wa daktari wa meno ulikuwa mkubwa kuliko wa watoto wengine. Mwanao anatetemeka getini kwa sababu aliumizwa. Si utovu wa nidhamu, na asiadhibiwe kwa hilo.

Ganzi kukataa nako kuna maelezo. Kwa kuwa enameli ina vitundu, ubaridi, joto na bakteria hupenya kuelekea kwenye moyo wa jino, na mishipa ya fahamu humo hukaa imewashwa muda wote. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliyachunguza magego ya namna hii yaliyong'olewa na kukuta mishipa ya fahamu mingi kuliko kwenye magego mazima. Daktari anayelijua hili hakimbilii sindano siku ya kwanza. Atalituliza jino kwanza kwa wiki kadhaa, na siku ya kazi anaweza kuagiza dawa ya maumivu jamii ya aibuprofeni kama saa moja kabla, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Kisha atachoma ganzi ya kutosha na kungoja ishike. Akimwambia mtoto "inua mkono ukisikia maumivu", basi mkono ukiinuka anasimama.

Na kile kilichozibiwa kilibanduka kwa sababu kingo zake ziliwekwa juu ya enameli dhaifu. Gundi zetu hushika vizuri kwenye enameli nzima. Kwenye hii hazipati pa kushika, kipande cha pembeni kinameguka na kuondoka na alichoziba daktari.

Nyumbani, anza leo. Dawa ya meno yenye floraidi ya 1450 ppm, angalia nyuma ya boksi imeandikwa, kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku kabla ya kulala, umpigie mswaki wewe mwenyewe. Ateme mapovu ila asisukutue kwa maji. Najua utashtuka: floraidi tena, na sisi tunaishi Usa River? Magego yake na meno yake ya mbele yamekwisha kuumbwa. Floraidi ya kupaka na kutema haiwezi tena kuyatia ukahawia. Inayapa madini kwa nje, na ndiyo anachohitaji. (Kwa mdogo wake wa chini ya miaka 3 ni tofauti, yeye apakiwe kiasi cha punje ya mchele.) Tumia mswaki laini na maji ya uvuguvugu. Ukiona hataki kugusa upande ule, usiuache, maana uchafu unaokaa pale ndio unaoongeza maumivu. Anza na upande usiouma, kisha malizia kule polepole.

Kliniki, hatua ya kwanza iwe ya kupaka tu, bila mashine wala sindano. Vanishi ya floraidi hupakwa kwa dakika chache na kurudiwa. Ipo pia dawa ya maji ya fedha na floraidi, silva daiamini floraidi, ambayo hupunguza maumivu na kusimamisha uozo. Huacha weusi wa kudumu pale palipoharibika, kwa hiyo ni ya nyuma, si ya meno ya mbele. Kisha daktari anaweza kuufunika uso wa gego kwa saruji ya glasi ayonoma, ambayo haihitaji jino kukauka kabisa na hutoa floraidi kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo na dawa ile ya fedha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Nayataja makusudi: kulituliza gego la mwanao hakuhitaji mitambo ya bei kubwa, kunahitaji daktari aliyelitambua.

Kama kilichobaki cha gego bado kina nguvu, kinachodumu zaidi kwa gego lililomeguka vilele ni kofia ya chuma cha pua inayolivaa jino lote. Siku chache kabla, daktari huweka vipete viwili vidogo vya mpira kati ya gego na jirani zake ili kupata nafasi, halafu kofia inagandishwa kwa saruji bila kulikwangua sana jino. Itang'aa kinywani, watoto wenzake wataiona, lakini atatafuna nayo miaka mingi, na akikua inaweza kubadilishwa.

Sasa kung'oa. Daktari wa pili alikosea aliposema mngoje liume, ila kung'oa kwenyewe si upuuzi. Gego likiwa bovu sana, kulitoa kwa wakati uliopangwa kunaweza kuwa tiba bora kuliko kuliziba kila mwaka mpaka mtoto amalize shule. Siri iko kwenye wakati. Nyuma ya gego hili, ndani ya taya, gego la pili linajiandaa kuota akifika miaka 12 hivi. Gego la kwanza likitolewa kati ya miaka 8 na 10, wakati mizizi ya gego la pili ndiyo kwanza inaanza kugawanyika, mara nyingi la pili husogea mbele lenyewe na kuziba pengo. Ukichelewa, hasa taya la chini, huinama na kuacha nafasi ambayo chakula kitakwama maisha yote. Taya la juu husamehe zaidi. Kabla ya uamuzi lazima ipigwe eksirei ya taya zima kuona gego la pili limefikia wapi, kama gego la mwisho, yaani la tatu, lipo, na kama meno mengine yote yapo. Mpangilio wa taya nao uangaliwe, kwa sababu kwa mtoto mwenye meno yaliyobanana uamuzi unaweza kubadilika.

Mwanao ana miaka 7 na nusu. Maana yake mnao muda wa kutosha kulituliza jino, kumrudishia imani, kupiga eksirei na kuamua bila haraka. Mkingoja liume, atakuja na shavu limevimba akiwa na miaka 11, na wakati mzuri utakuwa umepita.

Lile doa la mbele ni la muonekano, labda kama nalo linauma. Liacheni kwa sasa. Likija kumsumbua kwa aibu, yapo mambo ya kulififisha au kulifunika bila kulikata jino.

Umesema kuhusu huyu mmoja tu, lakini kama ana mdogo wake, mwangalie mwangani leo usiku. Gego la nyuma kabisa kati ya meno ya utotoni, yaani la pili, likiwa na doa la njano au kahawia lenye mpaka, uwezekano wa gego lake la ukubwani kuja na hali hii huongezeka mara kadhaa, na mtapata miaka miwili au mitatu ya kujiandaa. Kwa wadogo pia, maji yana maana, kwani enameli yao bado inaumbwa: tafuteni maji ya mvua au chanzo chenye floraidi ndogo kwa kunywa na kupikia, au chujio la mkaa wa mifupa kama lile ambalo kituo cha Ngurdoto, hapo jirani yenu, kimekuwa kikilifanyia kazi. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Na mtu akikuambia mtoto mchanga anayeharisha ana "meno ya plastiki" yanayopaswa kutolewa, kataa. Ule uvimbe mweupe wa fizi ni chonge la utotoni linaloumbwa. Wakilichokonoa wanajeruhi na mbegu ya chonge la ukubwani chini yake. Tunawapokea watoto hao miaka kumi baadaye wakiwa na chonge lenye ulemavu au wasio nalo kabisa, mbali na wale wanaopata maambukizi palepale.

Kumjua daktari anayelifahamu tatizo hili, msikilize anauliza nini. Atakuuliza mtoto alizaliwaje na aliugua nini kabla ya miaka 3, na amekunywa maji ya wapi. Atayafuta mate na kuyaangalia magego yote manne na meno ya mbele, si lile linalouma peke yake. Nawe muulize swali hili hivihivi: "Gego hili ni la kuziba, la kuvishwa kofia, au la kung'oa kwa wakati wake, na eksirei inasemaje?" Akisema hana uzoefu nalo na kukuandikia rufaa kwa daktari bingwa wa meno ya watoto, huyo amekufanyia kazi nzuri kuliko anayekuzibia siku hiyohiyo. Nenda na kadi ya kliniki ya utotoni, daftari la matibabu, na picha za simu za magego ulizopiga mchana, nje, mgongo kwa jua. Kwenye karatasi andika MIH pamoja na tarehe jino lilipoota na lilipozibwa. Na siku ya kwanza omba iwe ya kuangalia na kupaka vanishi tu, umwambie mtoto hivyo kabla hamjatoka nyumbani, na iwe kweli.